Kijana Asiyetulia Asifukuzwe Uwanjani

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na makocha wa Olenguruone, Kaunti Ndogo ya Kuresoi Kusini



Katika kila shule kuna mwanafunzi ambaye jina lake huitwa mara nyingi kuliko la mwingine yeyote. Hawezi kukaa kitako kipindi kizima. Hujibu kabla swali halijaisha. Hupoteza kalamu, sweta na hata viatu. Akitumwa maji mtoni, hurudi bila mtungi. Nyumbani huitwa mtukutu, shuleni huitwa mkorofi, na wapo wanaosema amerogwa. Lakini jioni, mpira ukitolewa, kijana huyo huyo hukimbia kuliko wote, na humsikiliza kocha kuliko anavyomsikiliza mzazi wake.

Si kila mtoto mtundu ana tatizo la kiafya. Hata hivyo, wapo wenye hali ya upungufu wa umakini, ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Hii ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na mara nyingi hufuata ukoo. Haitokani na laana wala uvivu. Tafiti za nchi nyingi hukadiria kuwa takriban watoto 5 kati ya 100 wanayo. Kwa hiyo darasa la wanafunzi 50 linaweza kuwa na wawili au watatu. Wasichana husahaulika zaidi, kwa sababu wengi wao hawasumbui mtu. Huketi kimya, macho dirishani, huku somo likiwapita.

Kwa nini vileo huwapata mapema

Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Hatari hiyo ni ya vijana wote, lakini kwa kijana mwenye ADHD ni kubwa zaidi.

Nchini Marekani, watafiti walifuatilia mamia ya watoto wenye ADHD tangu wakiwa shule ya msingi. Walipofika umri wa miaka 15 hivi, 35 kati ya 100 walikuwa wameshaonja kileo, sigara au dawa nyingine ya kulevya. Kwa wenzao wasio na hali hiyo, walikuwa 20 kati ya 100. Walipofika miaka 17, waliokuwa wakivuta sigara kila siku walikuwa 17 kati ya 100, na upande wa wenzao 8.

Sababu zinaeleweka. Kijana huyu hutenda kwanza na kufikiri baadaye, basi akipewa msokoto wa bangi hukubali kabla ya kuwaza. Ameambiwa mara nyingi kuwa hafai, naye huenda kwa wale wanaomkaribisha bila masharti. Wengine hugundua kuwa sigara au miraa huwatuliza kwa muda, wakadhani wamepata dawa.

Mpira peke yake hautoshi

Kuresoi Kusini inajua thamani ya michezo. Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za 2016, 2021 na 2024, alisoma Keringet, katika kaunti ndogo hii hii. Kwa mtoto asiyetulia, mazoezi yana faida ya pekee. Huchosha mwili, huburudisha akili na kurahisisha umakini kwa muda baada yake, na humpa mahali pa kusifiwa.

Lakini ni kosa kudhani kuwa aliye uwanjani yuko salama tayari. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikusanya tafiti 17 zilizofuatilia vijana kwa miaka kadhaa kuhusu michezo na pombe. Katika 14 kati ya hizo, vijana wanamichezo walikunywa pombe zaidi kuliko wasiocheza. Kwa dawa nyingine za kulevya, mara nyingi walitumia kidogo zaidi. Anayetaka kujua kwa nini pombe ni tofauti atazame kinachofuata baada ya fainali ya kijijini. Ushindi husherehekewa kwa chupa, na mchezaji wa miaka 15 huketi na wachezaji wa miaka 25.

Michael Phelps wa Marekani, muogeleaji mwenye medali 28 za Olimpiki, aligunduliwa kuwa na ADHD akiwa na miaka 9. Bwawa lilimpa nidhamu ambayo darasa lilishindwa kumpa. Hata hivyo, mwaka 2014 alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa. Alikubali kuingia katika kituo cha matibabu, na mwaka 2016 akarudi Olimpiki mjini Rio na kushinda dhahabu tano na fedha moja. Medali hazikumkinga na pombe, lakini matibabu yalimrudisha kwenye mchezo.

Aisilandi nayo ina funzo. Mwaka 1998, vijana 42 kati ya 100 wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walilewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5 tu. Nchi hiyo iligharimia michezo na sanaa baada ya masomo chini ya makocha waliofunzwa. Wazazi walikubaliana kwa maandishi kutowapa watoto pombe, na watoto wakawekewa saa ya kuwa nyumbani usiku. Mpira ulikwenda pamoja na mzazi, kocha na saa ya kurudi.

Adhabu inayoharibu

Katika shule na timu nyingi, kijana akikosea adhabu ya kwanza ni kunyimwa mchezo. Amechelewa, asicheze. Amepata alama duni, aondoke timuni. Kwa kijana mwenye ADHD, adhabu hiyo humwondolea kitu kimoja kinachomshikilia. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, wakati wenzake wako mazoezini, yeye atakuwa kwenye steji ya bodaboda au nyuma ya banda la chang'aa. Viboko pia si suluhisho, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inavikataza.

Kocha atauliza, na ni haki yake kuuliza: je, anayevuta bangi aachwe awaharibu wengine? La. Sheria za timu zisomwe mbele ya wazazi msimu unapoanza. Anayepatikana ametumia asicheze mechi hadi aonwe na mhudumu wa afya, lakini aendelee kuhudhuria mazoezi. Anayewauzia au kuwapa wenzake ni suala jingine. Huyo apelekwe mara moja kwa wazazi na uongozi wa shule.

Yanayowezekana Olenguruone

Kocha aweke siku na saa za mazoezi zisizobadilika. Atoe agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, akimtazama kijana machoni. Ampe jukumu, kama kubeba mipira au kuhesabu jezi. Akikosea, akae nje dakika tano kisha arudi. Timu za watoto zisichanganywe na za watu wazima katika sherehe, na zawadi ya mshindi isiwe pombe. Kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010.

Mwalimu amketishe mbele, agawanye kazi ndefu vipande vifupi, na aandike anachokiona badala ya kusema tu kuwa mtoto ni mbaya.

Mzazi ajue mazoezi yanaisha saa ngapi na mtoto anarudi na nani. Msimu wa chai ukiwa mzuri na kijana akipata vibarua vya kuchuma, pesa hizo zipangiwe matumizi pamoja naye.

Ikiwa dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu zaidi ya miezi sita, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia, mtoto apelekwe Hospitali ya Olenguruone, ambako anaweza kupewa rufaa ya kumwona mtaalamu. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kuelekeza familia. Kwa upande wa masomo, vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu hupima mahitaji ya mtoto.

Wazazi wengine huogopa kuwa dawa za ADHD zitamfanya mtoto mraibu. Tafiti hazijaonyesha hivyo zinapotolewa na daktari na kusimamiwa vizuri. Zihifadhiwe na mzazi, wala asigawiwe mtu mwingine. Mwanariadha anayeshiriki mashindano makubwa apate kwanza kibali kupitia ADAK, shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alikuwa na kibali cha aina hiyo. Taarifa zake za matibabu zilipoibwa na kuchapishwa mwaka 2016, alisema wazi kuwa ana ADHD na haoni haya.

Anayehitaji ushauri kuhusu vileo au dawa za kulevya apige simu ya NACADA, 1192, bila malipo. Kwa usalama wa mtoto, nambari ni 116, nayo pia ni ya bure.

Shule zitakapofungua muhula ujao, timu zitachaguliwa upya. Kabla ya jina la kijana msumbufu kufutwa, kocha, mwalimu na mzazi wake wakutane mara moja. Mazungumzo ya nusu saa yanaweza kumbakiza uwanjani, na akiwa uwanjani ni rahisi kumsaidia.