Uchovu usioisha si uvivu

Msikilizaji, mwanamke anayeamka hoi kila siku, akipanda ngazi chache moyo unamwenda mbio, mara nyingi huambiwa mvivu. Huo ni uonevu. Uchovu unaodumu wiki kadhaa hata baada ya kulala vya kutosha ni dalili, na kwetu huku wa kwanza kushukiwa ni upungufu wa damu.

Shusha kope lake la chini utazame: ndani pakiwa peupe, akapimwe. Kwa asiye mjamzito, himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni pungufu. Chanzo huwa hedhi nzito, malaria, safura, au mlo. Chai ya rangi tunayoshushia maharage na mchicha huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Isubiri saa moja au mbili baada ya mlo, na mboga ikamuliwe ndimu. Vidonge vya chuma humezwa miezi kadhaa, hata nguvu zikirudi mapema. Wengi huviacha wakiona choo cheusi, ingawa choo hicho ni kawaida kabisa kwa anayevimeza.

Damu ikiwa sawa, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu tu. Omba kisukari, tezi ya shingo na sonona navyo vichunguzwe.