Tembo Katika Jaa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya mazingira. Hotuba za mazingira mmezisikia nyingi, na baadhi yake nimeziandika mimi mwenyewe ofisini. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya picha.

Yuko mpiga picha Mwingereza, Nick Brandt. Alifika Tanzania mwaka 1995 kuongoza filamu ya wimbo wa Michael Jackson, na wanyama wetu wakamteka moyo. Aliwapiga picha miaka mingi. Kisha, alipoona wanatoweka, alichapisha picha kwa ukubwa wa mnyama mwenyewe, akazibandika juu ya mbao, akazisimamisha huko Kenya mahali walipokuwa wakiishi zamani: jaani, kwenye machimbo ya mawe, chini ya daraja. Kitabu chake kilitoka mwaka 2016. Tembo amesimama katikati ya takataka, na watu wanaendelea na shughuli zao, hawamtazami. Mimi siwalaumu watu hao. Wao nao wamepoteza ardhi ile ile.

Msiseme hayo ni ya Kenya. Tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na Selous, hapa hapa kusini kwetu, iliumia vibaya sana.

Sasa nirudi nyumbani. Ninayo picha ya darasa letu la Kidato cha Nne. Nyuma yetu imesimama miti mikubwa. Leo asubuhi nimekwenda pale, picha mkononi: hakuna hata mmoja. Mitatu tuliikata sisi wenyewe kwa kuni za jikoni, tukifurahi kukosa kipindi cha hisabati. Nasi ni watoto wa Masasi na Newala! Ninyi wa Newala mnajua jinsi mchanga wa uwanda wa Makonde unavyoimeza mvua, na jinsi mama zetu walivyoteremka bondeni alfajiri na ndoo, wakapanda tena.

Ombi langu ni kwamba picha ile ikuzwe, isimamishwe pale pale, vijana waipite kila siku wakienda bwaloni. Gharama ya picha nitalipa mimi. Ya miche tuichangie wote, na Ndugu Mwenyekiti apitishe daftari sasa hivi, kabla ya chakula. Baada ya chakula nawajua.