Mahindi ya Kukaanga na Karanga na Asali



Leo sisemi habari ya jembe. Nataka kuwaambia habari ya chakula kikavu, kile cha kutia katika mfuko asubuhi na kula njiani, bila moto na bila maji.

Mnajua desturi ya hapa. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatwaa nyundo na taa yake, anakwenda shimoni na tumbo tupu. Saa nne njaa inamshika. Ananunua biskuti kando ya mashimo, biskuti zilizotoka mbali kwa lori. Na karanga za mama yake ziko wapi? Zimekwisha kuuzwa, gunia zima, mara tu baada ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Basi fedha ya karanga imerudi kwa mwenye duka, na mtoto hakushiba.

Chakula ninachosema kinafanywa kwa vitu vyenu wenyewe: mahindi, karanga, mbegu za maboga, na asali ya pori. Watu wa Marekani wanacho cha namna hii, wanakiita granola. Daktari mmoja, James Caleb Jackson, alikifanya mwaka 1863 katika mji wa Dansville kwa ajili ya wagonjwa wake. Kilikuwa unga wa ngano uliookwa, ukavunjwa, ukaokwa tena, nao ulikuwa mgumu hata ikawa lazima kuulowesha usiku kucha kabla ya kula. Baadaye daktari mwingine, John Harvey Kellogg wa Battle Creek, alifanya chake, na jina la granola linatoka kwake. Siku hizi wanatia nafaka iitwayo oti, na asali, na lozi. Sisi hatuna oti, wala hatuna haja nayo. Mahindi yanatosha, kama mkijua kuyalainisha.

Lakini kabla ya moto tuseme kwanza habari ya karanga, maana hapo ndipo wengi wanaharibu kazi.

Twaa karanga mkononi, uzitazame. Moja imekunjamana. Nyingine ina doa jeusi. Nyingine ina vumbi la kijani au la manjano: hilo ni kuvu. Mtu anasema: Si kitu, nitazikaanga, moto utaua. Hapana! Moto unaua kuvu yenyewe, lakini sumu yake inabaki. Wenye elimu wanaiita sumu ile aflatoksini. Haina harufu, na chumvi na asali zinaficha uchungu wa karanga mbovu, hata mtu asijue anakula nini. Kidogo kidogo, miaka mingi, inaharibu ini na kuleta uvimbe mbaya ndani yake. Nyingi kwa mara moja inaua upesi. Katika Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyowekwa hali hayajakauka. Watu 317 waliugua, na 125 wakafa.

Tena msiseme: Basi mbovu nitawapa kuku. Sumu hii ilijulikana kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960, katika Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na hakuna aliyejua sababu. Walipotafuta sana waliona kwamba chakula chao kilitiwa mashudu ya karanga yenye kuvu, yaliyotoka Brazili kwa meli. Karanga mbovu ni za kufukiwa au za kuchomwa. Wala msizikamue mafuta nyumbani.

Sasa sikilizeni neno la kufurahisha. Sumu haikai sawasawa katika gunia. Inakaa nyingi katika mbegu chache, zile zilizokunjamana, zilizovunjika, zilizoota, zilizobadilika rangi. Basi mama anayekaa kivulini na ungo wake, akichagua moja moja kwa mkono, anatoa sehemu kubwa ya sumu pamoja na zile chache. Hakuna dawa ya dukani inayofanya hivi. Ni kazi ya macho. Mpeni bibi mwenye subira, wala msimpe mtoto anayetaka kwenda kucheza. Mahindi nayo mchague vilevile.

Na kuvu inaingia wapi? Inaingia shambani, jembe likipasua ganda, au karanga zikikawia mno udongoni. Inaingia nyumbani, karanga zikirundikwa mbichi. Na zaidi inaingia siku ya kubambua, kwa desturi ile ya kumwagia maji maganda yawe laini. Najua vidole vinauma. Lakini maji yale ndiyo yanaalika kuvu, maana mbegu iliyokwisha kukauka inalowa tena, kisha inafungwa katika gunia na joto lake. Bambueni kavu. Kausheni juu ya mkeka, siyo juu ya udongo mtupu, mpaka karanga ikitikiswa ilie ndani ya ganda, na ngozi yake nyekundu itoke kwa kusuguliwa kidogo.

Neno la pili ni kwa ninyi mnaokaa karibu na mashimo na barabara za malori. Msianike chakula kando ya barabara ile. Vumbi lake si vumbi la shamba tu, linabeba madini. Katika Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, watu walichimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mwaka 2018 wenye elimu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji waliandika habari ya kazi waliyoifanya huko: watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti katika mkojo kupita sana watoto wa mahali pasipochimbwa. Basi anikeni nyuma ya nyumba, mbali na njia, na jioni funikeni.

Na mifuko! Nimeona kwa macho yangu mfuko uliobeba mawe ya shaba wiki iliyopita, leo umejaa unga. Umekung'utwa, umefuliwa mtoni, mwenyewe anasema ni safi. Mfuko wa madini usitiwe chakula hata siku moja. Pipa la asidi vilevile, hata likioshwa mara kumi.

Haya, sasa moto.

Vipimo ni hivi, kwa kikombe kile kile cha chai: mahindi vikombe 4, karanga vikombe 2, mbegu za maboga kikombe 1, asali nusu kikombe, mafuta vijiko 2 vikubwa, chumvi kijiko 1 kidogo. Mwenye tangawizi aitwange kidogo aitie, itapendeza. Mafuta mekundu ya ngazi yanatoa rangi nzuri, lakini yawe mapya. Mafuta ya zamani yataharibu kila kitu kwa harufu yake.

Mahindi makavu ukiyakaanga vivi hivi yatavunja meno ya wazee. Kwa hiyo yatwangwe kwanza kinuni, ngozi itoke na punje ivunjike vipande viwili au vitatu, kisha upepete unga. Vipande vile uviloweke usiku kucha katika maji safi. Asubuhi uvichemshe, upime kwa jino: jino likiingia, lakini katikati pangali na ugumu kidogo, imetosha. Ukikawia itakuwa uji, nawe ule uji wako siku ile, uanze tena kesho. Mwaga maji, tandaza juu ya kitambaa safi juani mpaka vipande visishikane tena. Wakati wa kiangazi siku moja inatosha. Wakati wa mvua msijaribu, maana havitakauka, na kuvu itarudi.

Kila kitu kikaangwe peke yake. Mama wengi wanatia vyote katika sufuria moja kwa kuokoa makala, na hapo utamu unapotea, kwa sababu mbegu za maboga zinaiva upesi sana, karanga zinakawia, na mahindi yana njia yake. Anza na mahindi. Sufuria nzito au chungu kipana, juu ya mbabula yenye makala yaliyopata majivu, siyo yenye miali. Koroga bila kuacha. Yatakuwa ya rangi ya asali, na ukiyatia kinywani yatalia. Yatoe.

Kisha karanga, kwa moto ule ule mdogo. Hapa subira inalipa. Karanga ya moto mkali ni nyeusi nje na mbichi ndani. Koroga robo saa, pengine zaidi. Zikianza kupasuka na harufu ikajaa uani, pasua moja: ndani iwe ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Ondoa papo hapo, mwaga katika ungo, maana karanga inaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe hata ikitoka motoni. Wengine wanakaanga na mchanga, ili joto lienee sawasawa. Ni njia nzuri ya wazee, lakini mchanga wa mto unaopokea maji ya mashimo usitumiwe. Chumvi ya mawe inafanya kazi ile ile. Zikipoa, zisugue, pepeta ngozi, zivunje kila moja vipande viwili.

Mbegu za maboga ni kazi ya dakika chache. Zikiruka, zimeiva.

Asali inakuja mwisho. Mara ya kwanza mimi mwenyewe nilifanya kama mtu asiye na akili: nilimwaga asali sufuriani tangu mwanzo, pamoja na mahindi. Iliungua, ikashika chini, ikawa chungu kama kwinini. Mke wangu hakusema neno, alinipa kisu cha kukwangulia sufuria. Basi fanyeni hivi. Pasha asali na mafuta na chumvi na tangawizi katika kikombe cha chuma, iwe majimaji tu, isichemke. Changanya mahindi, karanga na mbegu katika beseni, mimina asali juu, koroga mpaka kila punje ing'ae. Rudisha yote katika sufuria pana juu ya makala yaliyokaribia kufa, geuza geuza kama dakika kumi. Mwenye tanuru ya mikate atandaze katika sinia, aitie baada ya mikate kutoka, joto lililobaki linatosha.

Kikitoka kitakuwa laini, nawe utafikiri umekosea. Hukukosea. Kitakuwa kigumu kikipoa. Usikiguse. Na usikifunge kingali na moto, maana mvuke utageuka maji ndani ya kopo, na kazi yote imepotea. Kikipoa kabisa, tia katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, au chupa ya mdomo mpana. Kitakaa vizuri majuma mawili, pengine matatu. Kabla ya kula nusa: harufu ya rangi ya mlango maana yake mafuta yameharibika. Kikiwa laini tena, kirudishe motoni kidogo. Kikiwa na kuvu, kitupe.

Ngumi moja ya chakula hiki na maji ya kunywa vinampeleka mtu mpaka mchana. Tena kina faida nyingine. Watu wanaokula bukari ya mahindi tu, siku zote, bila mboga, samaki wala karanga, wanaweza kupata ugonjwa wa pelagra: ngozi ya mikono na shingo inakuwa nyeusi na kupasuka, tumbo linaharisha, akili inachoka. Karanga zina kile kinachopungua katika mahindi.

Kwa watoto, angalieni. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala vipande vigumu, vinaweza kumziba pumzi. Mtwangie iwe unga, ufanye uji. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, wala iliyopikwa, maana inaweza kuwa na mbegu ya ugonjwa unaolegeza mwili wake wote. Wake utwange kabla ya kutia asali.

Mama anayetaka kuuza, ahesabu kwanza: mahindi, karanga, asali, makala, na siku yake ya kazi. Asisahau siku yake. Auze kwa kipimo kimoja, kikombe kilichojaa sawasawa, kila siku kile kile. Wachimbaji wanajua mizani. Wanapimiwa mawe yao kila jioni, na wengi wanarudi wakinung'unika kwamba wameibiwa, kwa hiyo watatazama kikombe chako kwa jicho kali.

Siku ya posho inayokuja tutapika pamoja chini ya mwembe wa shule, saa mbili asubuhi. Mahindi yaliyochemshwa na kukauka nitaleta mimi, na asali pia. Kila mama alete vikombe vitatu vya karanga zake jinsi zilivyo, bila kuzichagua, na ungo wake. Tutachagua kwanza, kisha kila mtu atahesabu mbovu alizozikuta.