Karani Mchana, Mshairi Usiku
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa mwaka



Nimeombwa niseme machache juu ya kipawa alicho nacho mtu nje ya kazi impayo mshahara. Humu ukumbini wamo makarani wapigao gitaa, na dereva ambaye ana mashairi tele sandukuni. Ukiwauliza wataanza lini hasa, jibu lao ni moja: “Nikistaafu.”

Jibu hilo hunitia hofu kila nikumbukapo maisha ya Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika: miaka 18 katika forodha, kisha Idara ya Wanyama, halafu ofisi ya wilaya, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi, hata mwaka 1960. Akafariki mwaka 1962. Angalingoja kustaafu, angalipata miaka miwili tu.

Hakungoja. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, naye yungali karani. Nacho si kitabu cha kuchezea: chasimulia nchi iliyo angani, ambako Karama ashtakiwa barazani kwa sababu ataka kuwafundisha watu sheria. Mwandishi wake alikuwa akila mshahara wa serikali ya kikoloni! Naona ofisi haikumzuia tu. Yamkini ndiyo iliyomfunza jinsi amri zishukavyo kutoka juu, na jinsi mnyonge asivyopewa nafasi ya kujibu.

Simshauri mtu aache kazi. Watoto hawashibi mashairi, na vitabu hulipa polepole, vikilipa. Wala simshauri aibe saa za tajiri wake. Saa zetu ni zile za jioni, nazo ndizo tunazozimwaga ovyo kuliko mshahara.

Lakini jioni yataka mahali. Wengi wetu twakaa chumba kimoja pamoja na watoto, majirani wakipiga redio ukutani. Humo hata mwenye moyo wa chuma hawezi kumaliza ubeti. Ukumbi huu nao hufungwa saa kumi na mbili. Bwana Mwenyekiti, naiomba Kamati iuache wazi hadi saa nne usiku, siku tatu kila juma, pawe na meza na taa. Ufunguo nitaushika mimi, na kufagia nitafagia.