Programu ya Simu Hutengenezwaje?

Leo twajifunza habari za mafundi wanaotengeneza programu za simu.

Programu ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa ili simu au kompyuta iyafuate, moja baada ya jingine. Ukimtumia ndugu yako fedha kwa simu, programu ndiyo inayopunguza salio lako na kuongeza lake. Agizo moja likikosewa, fedha zako zaweza kupotea. Kwa hiyo kazi ya mafundi hawa yatuhusu sote.

Je, mafundi wazuri hufanyaje kazi?

Kwanza, huigawa. Wazee wa Unyamwezi walilijua jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Bidhaa zilifungwa mizigo mizigo, kila mmoja wa kiasi cha kuchukuliwa na mpagazi mmoja. Mzigo mmoja ukilegea, ulifungwa upya huo mmoja tu. Vivyo hivyo fundi huandika sehemu ndogo ya programu, akaijaribu, kisha akaendelea. Kosa likitokea, hulitafuta mahali padogo.

Pili, mafundi husomeana kazi. Ninyi mnajua: ukiandika barua, mwenzako ndiye aonaye upesi herufi uliyoiacha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, huwatazama watumiaji. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilianza kujaribiwa huko Kenya, Nairobi na Thika, kwa watu wasiofika 500. Shabaha ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini watu wale walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliziweka katika simu kabla ya safari, wasiibiwe njiani, wakazitoa walikofika. Wenye kazi hawakuwaambia, “Mnakosea.” Waliuacha mpango wa mikopo, wakashika ule wa kutumiana fedha. Huduma ikafunguliwa kwa watu wote wa Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kama wangalisubiri mpaka kila kitu kimalizike ndipo wawaonyeshe watu, wangalijua hayo wakiwa wamechelewa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi hakilalii kitanda chako. Wewe ndiwe unayekilalia.

Basi, maneno katika simu yakikushinda kuelewa, usione haya, wala usidhani kuwa kosa ni la ujinga wako. Huenda maneno yenyewe yameandikwa vibaya. Waambie wenye huduma mambo matatu: ulibonyeza nini, ulitazamia nini, na simu ilikuonyesha nini. Ukisema tu “simu imeharibika,” fundi hatajua aanzie wapi. Lakini namba yako ya siri usimwambie mtu yeyote, hata akisema yeye ndiye fundi.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini fundi hugawa kazi yake?
2. Watu wa Nairobi na Thika waliwafundisha nini wenye huduma?
3. Kila mmoja aandike sentensi tatu juu ya jambo moja linalomsumbua katika simu yake. Mwenzake azisome na kuzisahihisha.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.