Nikah ya Simu na Viza ya Kanada

Dada, ukiposwa na Mkanada anayeishi Dubai ama hapa Mombasa, muulize mapema, usione haya: wewe ni raia, ama una ukaazi wa kudumu tu? Raia anaweza kukudhamini akiwa nje, bora aonyeshe mtahamia Kanada viza ikitoka. Mwenye ukaazi hawezi, mpaka awe anaishi kule.

Lakini linalotuliza zaidi ni nikah ya simu, ama ya wakala. Hata sheikh akiipitisha, tangu 2015 uhamiaji wa Kanada hauihesabu. Nyote wawili lazima muwe hapo inapofungwa. Basi bwana harusi apande ndege! Na cheti mkichukue wiki hiyo hiyo.