Tawi la Muhuti Latosha: Kupamba Viwanja kwa Miti ya Asili

Mazungumzo kwa vikundi vya vijana na kina mama wanaotunza viwanja vya shule, zahanati na masoko



Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Mkazi anayetaka kupamba kiwanja huenda kwenye kitalu akarudi na mjakaranda, mti wa Amerika Kusini, au mgrevilea, mti wa Australia. Huku nyuma, mpakani mwa shamba la jirani, umesimama muhuti. Wakamba huuita muvuti, nao Waluhya huuita murembe. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, kisha huvaa maua mekundu kama moto, na ndege aina ya chozi hujaa matawini. Ni wa jamii ya maharagwe, hivyo mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni. Mche wake si lazima ununuliwe, kwa maana tawi latosha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mpango wa kitaifa ni kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Hesabu hizo hazitatimizwa na miche inayopandwa siku ya sherehe na kukauka kabla ya mvua inayofuata. Kinachohesabika ni mti ulioshika.

Kazi ya vipandikizi huanza mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua ya Machi au ya Oktoba. Tawi lichaguliwe lililokomaa, lisilo na wadudu, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja hadi mbili. Likatwe kwa msumeno au panga kali lisipasuke. Ncha ya juu ikatwe mshazari na ya chini iwe bapa, ili mpandaji asije akaligeuza kichwa chini. Kisha lilazwe kivulini siku chache hadi jeraha likauke. Tawi bichi linalozikwa na utomvu wake huoza upesi.

Mvua ikishika, lichimbiwe hadi robo au theluthi ya urefu wake, na udongo ushindiliwe vizuri. Mahali panapotuama maji hapafai. Uzio dhidi ya mbuzi uwekwe siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya wiki chache tawi huchipua, na watu husema limeshika. Majani si mizizi! Machipukizi ya kwanza hula akiba iliyomo ndani ya tawi. Lisitikiswe wala kung'olewa kuangaliwa, na mvua ikikatika limwagiliwe.

Matawi yote ya mti mmoja ni nakala za mti huo. Ugonjwa unaoliua moja unaweza kuyaua yote. Kikundi kikate kutoka miti kadhaa, na kila mti upunguziwe matawi machache tu.

Mugumo nao hushika kwa tawi, lakini mizizi yake hutafuta maji mbali na huweza kuharibu mabomba na misingi. Upandwe uwanja mpana, mbali na majengo. Kwa Wakikuyu ni mti wa heshima, kwa hiyo wazee waulizwe kabla ya kuukata tawi. Muringa na murarachi kwa kawaida hupandwa kwa mbegu, kwa hiyo kikundi kisipoteze msimu kwa matawi yake.

Wazazi na walimu wazingatie jambo moja. Mbegu za muhuti ni nyekundu, zinang'aa, na watoto huzipenda kama shanga. Zina sumu, na shina lina miiba. Usipandwe karibu na uwanja wa chekechea. Ukae mpakani, kando ya njia pana, au mbele ya ofisi.

Hakuna anayeruhusiwa kukata tawi katika msitu wa umma bila kibali. Kwenye shamba la mtu, mwenyewe aombwe. Kando ya barabara au chini ya nyaya za umeme, kikundi kipite kwanza ofisi husika, kwani mti uliopandwa pasipofaa utakatwa, na jasho la msimu mzima litapotea.